Mtu Aliyetaka Kufukuzwa Kazi

Luhaga alikuwa anakatiza jirani na stendi ya Nyegezi, mikono mfukoni, aliposikia sauti ya mwanamke ikitoka ndani ya bekari.

"Toka! Toka hapa, nisikuone tena!"

Mwanamume mmoja akachomoka mlangoni, kichwa kimejaa unga. Mpita njia mwingine angemwonea huruma. Luhaga alitabasamu kama mtu aliyepishana na harufu ya sato wa kukaanga. Hakujua kwamba aliyetimuliwa hakuwa mfanyakazi, bali mdogo wa mwenye bekari, aliyekuja kula skonsi za wateja.

Ni vema tumtambulishe Luhaga kwa heshima anayostahili. Hakuwa mwizi. Hakuwa tapeli wa kutuma meseji. Alikuwa na taaluma moja tu: kufukuzwa kazi. Alikuwa akiajiriwa, anajituma miezi sita, kwa sababu kabla ya hapo mfanyakazi mgeni hana pa kulalamikia sana akiachishwa. Miezi hiyo ikiisha, anaanza kumchokoza bosi mpaka bosi apandwe na mori na kumtupa nje bila onyo, bila kikao, bila notisi. Hapo Luhaga anafuta machozi ambayo hayapo, anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anadai fidia yake. Wa mwisho kuliwa alikuwa Chenge, mwenye gereji kule Mkolani, aliyelazimika kuuza mashine yake ya kuchomelea. Tusiilaumu Tume. Chenge alimfukuza kweli, tena kwa spana mkononi.

Luhaga akaingia bekari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nikuhudumie nini?"

"Natafuta kazi, mama. Yoyote. Hata ya kufagia."

Mwenye bekari aliitwa Modesta, mama wa makamo mwenye mikono minene na macho ya taratibu. Akamwuliza jina. Alipolisikia, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasema, "Luhaga. Sawa. Unaanza kesho. Ila hapa tunaandikiana mkataba."

Kwa miezi sita Nyegezi haikuwahi kuona mkandaji unga wa namna ile. Luhaga alifika wa kwanza, aliondoka wa mwisho, alisugua matrei mpaka yakawa kama vioo. Paskazia, dada aliyekaa kaunta, alianza kumwombea kanisani.

Siku ya kwanza ya mwezi wa saba, Luhaga alifika saa nne asubuhi, akajilaza juu ya mifuko ya unga, akakoroma.

Modesta akamfunika kanga.

Kesho yake Luhaga akamwambia mteja kwamba mikate ile ni ya juzi. Modesta akampa onyo la maandishi, akimsomea kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Keshokutwa yake Luhaga akaunguza trei nzima makusudi, akasimama mbele ya bosi wake, kifua mbele.

"Nifukuze basi!"

"Nitakufukuzaje, Luhaga? Sheria haitaki hivyo. Keshokutwa tuna kikao. Una haki ya kujitetea, na ya kuja na mfanyakazi mwenzako akusaidie."

Luhaga akamchagua Paskazia, kwa sababu alikuwa mkimya na angeharibu kila kitu. Alikosea sana. Paskazia alisimama mbele ya Modesta akalia kwa kwikwi.

"Mama, huyu kaka ametufanyia kazi kama punda. Amechoka tu! Nani hapa hajawahi kuunguza mkate?"

"Nimeunguza makusudi!" Luhaga akadakia.

"Unaona, mama? Mpaka amechanganyikiwa," Paskazia akasema, akizidi kulia.

Modesta akajifuta jicho. "Umesamehewa. Na una likizo yako ya mwaka inakusubiri. Ukapumzike."

Luhaga alitoka kikaoni. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mwajiri mkatili kiasi kile.

Wiki hiyohiyo akaja Iqbal, mfanyabiashara wa Usagara aliyekuwa akiwauzia unga wa ngano. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu nyekundu za hina. Alisimama karibu na tanuri, simu sikioni, akifoka mpaka mishipa ikamtoka.

"Mhoja! Leo hii utoke kwangu! Barua ya nini? Kikao cha nini? Mimi nikisema toka, ni toka! Nimeshawafukuza wengi hivyo!"

Luhaga akahisi mate yakimjaa mdomoni. Mzee alipokata simu, Luhaga alikuwa ameshafika ubavuni kwake.

"Shikamoo mzee. Nimesikia umebakiwa na nafasi."

"Marahaba. Ipo, lakini namtaka mtu leo. Kesho nitakuwa nimeshapata mwingine."

Luhaga akamkimbilia Modesta. Modesta akasikitika, akashika shavu. "Unatuacha? Lakini mwanangu, na wewe unadaiwa notisi. Ukiondoka ghafla, nina haki ya kukata mshahara wako wa mwezi huu."

"Kata, mama! Kata wote!"

Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kwamba anaacha kazi kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu. Paskazia akamfungia mkate wa njiani.

Ghala la Usagara lilikuwa limejaa mifuko ya unga mpaka darini. Iqbal alimsomea mkataba kifungu kwa kifungu, akamwuliza kama ameelewa, akampa nakala. Sauti yake sasa ilikuwa laini kama maziwa. Mara akaingia mwanamume mwenye birika la chai.

"Karibu kazini," akasema yule mwanamume. "Naitwa Mhoja."

"Mhoja? Si umefukuzwa leo?"

"Mimi? Nina miaka kumi na moja hapa. Mzee hajawahi hata kuniita mjinga."

Luhaga akamgeukia Iqbal. Mzee alikuwa akipuliza chai yake bila haraka.

"Ile simu haikuwa na mtu upande wa pili," Iqbal akasema. "Chenge wa gereji ni mteja wangu. Ni mteja wa Modesta pia. Alilia sana kwa ile mashine yake, kisha akatueleza wote jina lako. Tukakaa, tukajifunza sheria vizuri. Tunakushukuru kwa hilo."

"Basi naondoka."

"Ni haki yako. Uende wapi?"

Luhaga akapiga hesabu. Mshahara ulikuwa umebaki Nyegezi, kodi ya chumba ilikuwa imefika, na barua ya hiari ilikuwa na sahihi yake.

"Usiogope," Iqbal akasema. "Waajiri wote wa barabara hii wanakufahamu, na wote wanakutaka. Hakuna aliyewahi kupata mtu anayechapa kazi kama wewe katika miezi sita ya mwanzo. Mwenye kiwanda cha barafu ameshaniuliza utakuwa huru lini."

Nje lori likapiga honi. Lilikuwa limejaa mzigo. Luhaga akalitazama, akamtazama Mhoja, akavua shati, akalitundika kwenye msumari.

"Huo mfuko," akauliza kwa unyonge, "unabebwa begani au kichwani?"