Hasira ya Bibi Yangu Irudishwe

Goma, Birere

Kwa Daktari Rosine,

Heshima kwako, Daktari. Ni mimi Papa Adalbert, bwana wa Mama Masika, yule mwenye tumbo la kujaa gesi, linalofunga siku tatu na kuharisha ya ine. Miezi miwili iliyopita ulimpa vidonge vya vijidudu hai, ukasema vinaweza kutuliza tumbo na pengine hata roho, ingawa havisaidii kila mutu. Yeye vimemsaidia. Ndiyo sababu ninalalamika.

1. Kwa miaka sita Masika aliamka amenuna. Majirani waliniona nimenyamaza, wakasema mimi ni mutu wa subira. Kwa sifa hiyo parokia ikanichagua kufundisha wachumba uvumilivu wa ndoa.

2. Sasa anaimba akitwanga majani ya sombe. Anamtania hata mama yangu. Jumapili wachumba waliniuliza mimi ninavumilia nini, nikafunga somo mapema. Nasikia kazi yangu itapewa Muzee Birindwa, ambaye bibi yake angali anafoka vizuri.

3. Wiki jana umeme ulikatika, nikakaripia nyumba nzima. Zamani wangesema Masika amenichosha. Safari hii wote waliniangalia mimi, na mama yangu mzazi akataja nyani asiyeona kundule. Inaonekana, Daktari, sehemu kubwa ya kununa kule ilikuwa yangu tangu mwanzo. Jambo hilo limeniumiza sana.

4. Nilijaribu kurekebisha mwenyewe. Nilimpikia maharagi siku tatu mfululizo, yale yale yaliyokuwa yakimvimbisha. Alikula, akanishukuru, akaomba ya kuongeza.

Kwa hiyo ninaomba kwa unyenyekevu umpunguzie vidonge, walau hadi mafundisho ya wachumba yaishe. Sidai hasira ya wiki nzima. Ya Jumapili asubuhi inatosha.

Usalimie wauguzi wote, pamoja na mulinzi aliyetupatia kiti chake siku ile Masika alipokuwa hawezi kusimama.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Adalbert Kakule

N.B. Masika ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alishika tumbo, akainama, machozi yakamtoka. Nikakimbilia dawa ya maumivu, kama nilivyozoea. Kumbe anacheka. Daktari, nilikuwa nimesahau anavyocheka. Vidonge vimebaki vine. Kesho utanikuta mlangoni kwako kabla hujafungua, nimekuja kuomba vingine.