Mbizi Nje ya Ratiba

Jumamosi, 7 Machi

Tumepanda meli. Kabini yetu ni ndogo kama kabati la nguo, ila ina kidirisha cha duara, na ng'ambo ya kidirisha bahari yote ni yetu. Mke wangu ameitundika miwani yake ya kuzamia kwenye ndoano ya taulo. Anaitazama kama mtu anavyotazama picha ya mjukuu.

Nieleze mambo yalivyo, nisije nikajisingizia mwenyewe baadaye. Mke wangu ni mwalimu wa kuogelea. Mwaka jana alijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, akafuzu, akapewa kadi. Lakini alifuzu ndani ya shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji, na kitu cha kupendeza kuliko vyote alichokiona humo ni tairi. Anataka azamie mara moja tu kwenye bahari yenye rangi. Safari nzima ni kwa ajili hiyo. Tutapita visiwa kadhaa, lakini chenye matumbawe ni kimoja, nacho ni cha Jumatano. Kazi yangu mimi ilikuwa moja: kumwekea nafasi.

Sikuiweka. Si uvivu! Ni msimamo. Wanaozamia na meli huvalishwa fulana za manjano, wakapangwa nyuma ya msichana aliyeinua kibao chenye namba. Sikuzaliwa kufuata kibao. Nilikusudia tupate mtu wetu, mashua yetu, kiungwana. Nikakusudia mwezi mzima.

Leo, kwa tahadhari tu, nikapita kwenye dawati la matembezi. Dada wa dawati akasema kwa tabasamu kwamba nafasi za kuzamia zimejaa. Ya mwisho imechukuliwa leo hii na bwana mmoja mwenye kofia pana.

Bwana mwenye kofia pana ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kamati, maana hajawahi kuingia kwenye kamati akatoka bila kuwa mwenyekiti. Safari hii hatukumwalika. Alijiteua.

Mezani mke wangu akauliza kama mambo ya Jumatano yako sawa. Nikamwambia yameshapangwa. Mwiba wa samaki ukanikwama kooni papo hapo.

Jumapili, 8 Machi

Baharini kutwa. Mpango wa kwanza: kurithi nafasi ya mtu mwingine.

Kamati, hapana. Kumwomba Kamati ni kukubali kusomewa makosa yako yote tangu siku ya posa. Lakini meza ya jirani yuko mfamasia mstaafu mwenye nafasi ya kuzamia na uso wa kijani. Bahari imemlevya. Nikamfuata kwenye sitaha, nikamwonea huruma kwa kirefu. Nikamwambia huku juu ni afadhali, huko chini maji yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, mbele, nyuma, kama uji kwenye sufuria inayotikiswa. Nikamwonyesha kwa mkono. Mbele. Nyuma.

Aliyetapika ni mimi.

Mfamasia akanishika bega, akanipa kidonge, akanishauri nitazame mbali na niache kuongea. Yeye, akasema, kidonge kimeshamkolea na anaingoja Jumatano kwa hamu. Mtu mwema sana. Nimemchukia.

Jumatatu, 9 Machi

Heri mguu ulionipeleka kwa kinyozi!

Kinyozi wa melini kumbe kazaliwa kisiwa kile kile cha Jumatano, na dada yake anafundisha watu kuzamia huko. Ana mashua yake! Ila kinyozi huyu ni mtu wa kazi. Mkono wake usiponyoa, mdomo wake haufunguki. Nilikaa kupunguza nywele, nikapata habari kwamba dada yupo. Nywele zikaisha, habari ikaishia hapo. Alasiri nikarudi kwa ajili ya ndevu. Ndevu zikazaa gati: dogo, nyuma ya soko la samaki. Limebaki swali moja tu, kama dada ana nafasi Jumatano. Na usoni kwangu yamebaki masharubu tu.

Nimeyalea tangu kabla ya mtoto wa kwanza. Nikafumba macho.

Ana nafasi! Kinyozi akampigia simu pale pale, povu likiwa bado limenijaa puani. Moyo ukatua kama gunia lililoshushwa begani.

Wahenga walisema akili ni nywele. Mimi sasa sina hata mmoja, na nimefanikiwa.

Mke wangu alinitazama mlangoni, akaketi kitandani kwa kicheko. Akasema nimekuwa kama yai lenye wasiwasi. Kisha akatulia, akanishika shavu. Akasema kumbe! Masharubu huingiza maji kwenye miwani, kila mzamiaji anajua. Basi nimenyoa ili nizamie naye!

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Jumanne, 10 Machi

Maji nayapenda yakiwa kwenye glasi.

Mke wangu akanipeleka kwenye bwawa la meli, upande wa watoto. Somo: kupiga magoti, kuweka uso ndani, kutoa pumzi polepole. Nilitoa pumzi zote, na za akiba. Watoto wakaacha michezo yao, wakajipanga ukingoni kunitazama. Mmoja akamuuliza mama yake huyu babu kapoteza nini. Mke wangu akasema tena. Nikarudia. Akasema tena. Sijui kwa nini alikuwa akijiuma mdomo.

Kamati alikuwa kwenye kiti cha kulala, kofia usoni, juisi mkononi. Akauliza fulana zetu za manjano ziko wapi. Nikamjibu kwamba sisi tuna mashua binafsi. Kofia ikashuka.

"Shemeji," akasema, "unajua wanaokwenda na meli, meli inawasubiri? Nyinyi wa kujitegemea, ikilia honi, kwaherini. Meli si harusi, haimngoji bwana."

Nikamwambia ratiba ninayo kichwani. Akasema kichwa amekiona. Hofu yake ni dada yake kubaki kisiwani na mume aliyenyonyoka.

Mke wangu akamrushia maji, tukacheka. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Pasipoti, nguo, vidonge vyangu vya presha, kila kitu kiko melini. Na sasa kuna la pili: nitazamia vipi mimi, ninayekabwa na bwawa la watoto?

Jumatano, 11 Machi

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimelala chali, miguu juu ya mto.

Gati tulilipata, nyuma ya soko la samaki kama alivyosema kinyozi. Dada yake ni mama mpana, mpole, sauti ya mwalimu mkuu. Akakagua kadi ya mke wangu, akaridhika. Akanigeukia. Nina pumu? Sina. Kifua? Kizima. Presha?

Presha! Nilijibu kwa furaha ambayo haijapata kuonekana kwa mgonjwa. Ninayo! Ya miaka! Naimezea vidonge! Mwalimu akatikisa kichwa. Bila idhini ya daktari, baba, wewe ni wa nchi kavu.

Nikasikitika. Nadhani nilisikitika vizuri, ingawa mke wangu alikohoa kidogo. Akasema si kitu, atazamia na mwalimu, maana huko chini watu hutembea wawili wawili. Akanikabidhi mkoba wake, simu yake na ndala zake, akapanda mashua peku. Alipofika mbali kidogo akageuka kunipungia, na sura yake ilikuwa ya yule msichana niliyemwona mara ya kwanza akiruka kutoka ubao wa juu. Mashua ikapiga kona nyuma ya mwamba.

Nikakaa kivulini kwenye banda la mashua. Sina mtungi mgongoni, sina miwani usoni. Ahueni iliyoje!

Maji yakaanza kupwa. Sikuyatilia maanani, si yangu. Yakapwa. Yakaendelea. Nilipoinua macho, gati langu lilikuwa limesimama kwenye tope, kaa wanapita chini yake kama wapangaji wapya. Mashua itakuja kuelea juu ya nini? Juu ya kaa?

Nikangoja. Haikuja. Ng'ambo ya mji, kwenye gati kubwa, meli ikalia honi.

Hapo nilikoma kuwa mcheshi. Nilifikiri yote ambayo mtu hufikiri. Mkondo. Mtungi uliokwisha. Nitawaambia nini watoto? Ndani ya kundi la manjano angesubiriwa, hata akichelewa kwa kushangaa pweza. Mimi ndiye niliyemtoa humo, kisa fulana.

Mpango wa dharura: kuizuia meli. Nikakimbia, mkoba shingoni, ndala mkononi, nikikata vichochoro vya soko. Kwenye ngazi ya meli amesimama mlinzi mmoja, jitu la watu, kikombe cha chai mkononi. Nikaapa kutomwambia kwamba kuna mtu hajarudi. Ningesema tu, angeuliza kama ni wa kujitegemea, kisha kwaheri. Dawa ni kuwa abiria wa mwisho, na kutomaliza kupanda. Meli gani itaondoka na mtu mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje?

Nikaweka mguu mmoja ndani. Nikatafuta kadi yangu ya kupandia mifuko yote, huku nimeing'ata mdomoni. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba, nikazifunga hivyo hivyo. Mlinzi anakunywa chai. Honi ya pili! Mabaharia wakaanza kufungua kamba za kweli. Nikashika shavu la mguu, nikapiga yowe kwamba msuli umekaza, nikajilaza kukingama ngazi nzima. Mlinzi akaniruka, akaweka kikombe chini, akauliza kwa adabu kama nimemaliza.

Nikashindwa. Nikamkamata suruali, nikalia: mke wangu hajarudi!

Akazitazama ndala mkononi mwangu.

"Mama ameshaingia, mzee. Gati dogo lilikauka, mashua ikamshusha hapa hapa. Walikutumia mtu akuite, naona mmepishana sokoni. Mama kaniachia maagizo: atakuja baba mmoja kipara, kashika ndala zangu. Atafanya vituko. Wewe mpandishe tu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akasema hakuulizwa. Na tangu asubuhi amesimama pale hajaona chochote cha maana, na vituko vyenyewe vilikuwa vizuri.

Nikainua macho. Sitaha ya juu kabisa, nywele zimelowa, miguu peku, mke wangu anakula aiskrimu na kunipungia kijiko. Nikakaa pale pale kwenye ngazi. Nilicheka au nililia, sijui. Mlinzi alinipa chai yake iliyobaki.

Alhamisi, 12 Machi

Baharini tena. Mke wangu hajanyamaza tangu jana, na sitaki anyamaze. Kaona kasa anakula majani bila kumjali mtu. Kaona pweza akibadilika rangi mbele yake, mara jiwe, mara mchanga, mara hasira. Kaona chewa mnene kwenye pango, akasema sura ni ya kaka yake akiongoza kikao. Alikuwa yeye na mwalimu tu, na ukimya ambao hakujua kama upo duniani. Akiongea, mikono inaogelea.

Kamati naye akatoa taarifa yake. Fulana za manjano zilishuka zote kwa pamoja, mchanga ukatibuka, akaona vizuri sana nyayo za mfamasia. Mengine hakuona. Akauliza, kwa shida, mashua yetu tuliipataje. Nikajaribu kupinda masharubu. Vidole vikarudi vikavu.

Tulipobaki wawili, mke wangu akaniambia polepole kwamba Jumapili alipita kwenye dawati la matembezi kuulizia saa ya kuondoka. Dada wa dawati akamwambia jina lake halimo.

Nikamtazama. Jumapili! Alijua tangu Jumapili! Basi na lile somo la bwawani?

Adhabu, akasema. Na alifurahia kila pumzi.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema anamjua mumewe: "Wewe ukistarehe unapoteza hata funguo. Ukihangaika unapata. Nikaona nikuache uhangaike." Akaongeza kwamba jana, pale majini, alinisamehe yote. Aliyetumwa kuniita aliporudi bila mimi, akaurudisha msamaha nusu. Alipoona nimelala kwenye ngazi kama zulia, akaumalizia. Akaniomba jambo moja: siku nyingine nikifanya ujanja, nimshirikishe mapema, moyo wake si wa kukodi.

Nikamwahidi. Na niliahidi kwa dhati, mkono wake mkononi mwangu. Nimelala mchana kutwa kama mtoto aliyeogeshwa.

Ijumaa, 13 Machi

Kesho tunashuka. Nimetafakari wiki hii kwa utulivu, kama mtu mzima. Fundisho ni hili: mambo yalinyooka kwa sababu sikufuata ratiba ya watu.

Wakati wa chakula cha jioni Kamati akatangaza kwamba amekodi gari dogo la kututoa bandarini hadi nyumbani. Viti viwili ni vyetu, tukitaka, hakuna cha kulipia. Mke wangu akafungua mdomo kushukuru. Lakini Kamati akaongeza kwamba wote tukutane chini ya ngazi, tumfuate yeye, ataishika kofia yake juu ili tusipotee.

Nikamwambia asante, shemeji, sisi tuna mpango wetu.

Mke wangu akaweka uma chini, akanigeukia polepole. Kamati akauliza mpango gani huo. Nikamwambia asiwe na haraka, kesho ataona.

Hata mimi nina hamu ya kuuona.