Msimamizi wa Mazoezi ya Nyumbani

Jumatano, 18 Machi 2020

Ligi Kuu imesimamishwa siku thelathini kwa sababu ya korona. Kagongwa nzima imenuna. Mimi peke yangu nimelala usingizi mzuri. Timu yetu, Mwamba FC, ni ya tatu kutoka mkiani, na Jumamosi tumefungwa manne. Siku thelathini bila kufungwa ni mafanikio ambayo kocha hajawahi kutuletea.

Jioni kikao cha kamati, ofisini, nyuma ya mashine ya mpunga. Tumeambiwa tukae mita moja moja. Ofisi yenyewe ina mita tatu. Mimi, katibu msaidizi, nikahudhuria kupitia dirishani. Mwenyekiti akasema wachezaji wafanye mazoezi majumbani kwao, atafutwe wa kuwasimamia. Katibu mkuu, Masele, akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha miwili. Nikapewa mimi.

Uchaguzi wa klabu ni Agosti. Timu ikirudi na mapafu, kila mtu atajua ni kazi ya nani, na Masele atakiaga kile kiti. Nimemweleza mke wangu, Dorika. Akauliza nitawasimamiaje watu ishirini na wawili wakati mbuzi wetu mmoja amenishinda mpaka akala pazia la jirani.

Jumatatu, 23 Machi

Nimefungua kundi la WhatsApp. Kila mchezaji atume picha ya mazoezi kila asubuhi. Kati ya wote, tisa wana simu za kupiga picha. Kumi na watatu wana vitochi. Hao nimewaagiza wanieleze kwa maneno. Golikipa ameandika: "Nimeruka." Nimeingiza kwenye ripoti.

Bujiku, mshambuliaji wetu, ametuma picha safi, anakimbia kando ya barabara ya Isaka. Huyu ana mabao tisa kati ya mabao yetu kumi na matano. Bila yeye hatuna timu, tuna jezi tu.

Ijumaa, 17 Aprili

Siku thelathini zimekwisha, ligi haijarudi. Ripoti yangu ya nne imesomwa kwenye kamati ikapigiwa makofi. Mahudhurio asilimia mia. Masele akauliza mtu anahudhuriaje nyumbani kwake mwenyewe. Wivu.

Usiku sikuwa na la kufanya, nikazipitia picha za Bujiku moja moja. Anakimbia vizuri. Nyuma yake kuna mbwa ameinua mguu kwenye nguzo. Picha ya juzi, mbwa ameinua mguu. Ya wiki iliyopita pia. Mbwa huyo amekojoa karibu mwezi mzima.

Jumamosi, 18 Aprili

Asubuhi na mapema kwa mama yake Bujiku, Febronia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Akasema mwanawe yuko Mwakitolyo tangu mwishoni mwa Machi, anavuta mawe kwa kamba kwenye duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Amekaa shimoni huko, na mimi namwandika barabarani. Nikamuuliza mbona hakuna aliyeniambia.

"Wamefunga mpira, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Tumbo hawakulifunga."

Ningeweza kuiambia kamati. Lakini ripoti nne zina sahihi yangu. Nimeandika ya tano: "Bujiku: mazoezi ya nguvu, anaendelea vizuri." Hapo hakuna neno la uongo.

Alhamisi, 21 Mei

Imetangazwa kwamba michezo itarudi Juni mosi. Mashine ya mpunga ilizimwa ili watu washangilie. Mimi nikatafuta gunia nikalikalia. Masele akaniuliza mbona msimamizi hafurahi. Nikamwambia nafurahia ndani kwa ndani.

Jumamosi, 23 Mei

Mwakitolyo. Vumbi, maturubai, na makarasha yanasaga mawe mpaka meno yanacheza mdomoni. Barakoa nilivaa mimi peke yangu. Watu wakadhani nimetoka serikalini, njia ikawa nyeupe.

Nikamkuta Bujiku kwenye mdomo wa duara, mabega yamekuwa kama ya maksai. Aliponiona akashika kichwa. Akasema mpira anautaka sana. Lakini duara lao lina watu wanne, wamebakiza futi sita kuufikia mwamba wenye dhahabu, na mwenye duara, Mama Asteria, ana sheria moja: anayeacha kamba ameacha na fungu lake.

Mama Asteria ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Nikamweleza kuhusu Ligi Kuu, heshima ya mkoa na aibu ya kushuka daraja. Akasikiliza yote. Akasema, "Lete mtu wa kushika kamba yake, umchukue."

Nikamwambia mtu atapatikana. Akauliza yuko wapi. Bujiku akanitazama. Wavutaji wengine watatu nao wakanitazama, wakianzia tumboni. Nilitaka kusema nitamleta wiki ijayo. Sijui ilikuwaje, nikasema ni mimi.

Jumatatu, 25 Mei

Mpango umekaa vizuri. Bujiku amerudi Kagongwa, kamati imemwona na mabega yake, imesifu ripoti zangu. Dorika nimemwambia naitangulia timu Shinyanga kuandaa kambi. Kamati nimeikoholea mara mbili. Nikapewa siku kumi na nne za kujitenga papo hapo, na kumi na nne nyingine za akiba. Masele alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara.

Nitakaa kwenye kamba wiki mbili hivi, wataufikia mwamba wao, kila mtu atabaki na chake. Nitawahi kuchukua fomu ya ukatibu mkuu.

Jumatano, 3 Juni

Viganja vimechubuka. Ndoo moja ya mawe ina uzito wa beki wetu wa kati, na nadhani ina kasi kumzidi. Leo nimependekeza tuwe na zamu na ratiba ya maandishi, na mimi niwe wa kuisimamia. Mama Asteria akasema duara halina msimamizi, lina kamba.

Jumamosi, 13 Juni

Ligi imerudi. Redio ya Mama Asteria iliwekwa juu ya jiwe. Tumeshinda mawili kwa moja, yote ya Bujiku. Mtangazaji akasema mabeki wanamgonga halafu wanaanguka wao. Nikawaambia wenzangu kwamba mabega yale nimeyasimamia mimi. Wakaniambia nivute.

Baada ya mechi wakamhoji Masele. Akasema siri ya ushindi ni nyungu. Kila asubuhi anawafunika wachezaji blanketi juu ya sufuria la majani na malimao, wanajifukiza mpaka wanang'aa. Ameeleza kwa dakika nne. Sikutajwa.

Nimempigia mwenyekiti kuomba siku zaidi. Nilipokohoa, akakata simu asije akaambukizwa.

Jumamosi, 27 Juni

Dorika amekuja.

Alikutana na Masele mashineni, Masele akamuuliza kwa mbali mgonjwa anaendeleaje. Dorika hakujua ana mgonjwa. Akajibu anaendelea, akaenda moja kwa moja kwa Febronia kuuliza hiyo kambi ikoje, akapewa habari yote na chai juu.

Nilikuwa nimeinamia kamba nikasikia, "Baba Ritha." Nikaendelea kuvuta, nikiomba awepo Baba Ritha mwingine karibu. Hakugomba. Heri angegomba. Akasema nionyeshe mikono. Akaitazama sana.

Akaniambia twende nyumbani. Juzi udongo wa duara la jirani ulishuka, watu wawili wakachimbuliwa wazima kwa bahati tu, na habari hiyo ilishafika Kagongwa. Nikamwambia nikiondoka, Bujiku atalazimika kurudi huku, na zimebaki mechi saba.

"Na uchaguzi?" akauliza.

Nikasema ni kwa ajili ya timu. Ilikuwa kweli kiasi cha nusu. Tangu Machi sijawahi kufika nusu.

Akanipaka mafuta viganjani, akachana upindo wa kanga yake akanifunga. Kisha akaenda kusalimiana na Mama Asteria kwa Kisukuma. Wakazungumza chini kwa chini, wakacheka. Sijaambiwa kilichowachekesha. Alipoondoka hakugeuka nyuma, nami nikabaki namtazama mpaka ndoo ikanikumbusha.

Jumapili, 26 Julai

Mechi ya mwisho, uwanja wa Shinyanga. Tunahitaji sare tusishuke. Mama Asteria amesimamisha kazi, jambo ambalo wenzangu wanasema hawajaliona hata siku ya msiba. Watu wa maduara mengine walikuja, wakajaa kuizunguka redio, hakuna aliyekumbuka habari ya mita moja.

Dakika ya themanini tuko nyuma kwa bao moja. Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya turubai, nikarudi. Dakika ya themanini na nane, kona. Bujiku, kichwa, bao. Mtu mmoja akaruka, redio ikaanguka, ikanyamaza. Dakika mbili zilizobaki na za nyongeza tumezimaliza bila kujua lolote, watu arobaini wanatazama redio iliyokufa. Ndipo mtu mwenye simu akapata mtandao. Moja moja. Tumebaki Ligi Kuu.

Nimelia. Niliwaambia ni vumbi la karasha. Karasha lilikuwa limezimwa.

Jioni Bujiku akaja na jezi mwilini. Akaitoa kamba mikononi mwangu, akaona viganja. "Katibu," akasema, "miezi miwili umeshika hii kwa ajili yangu?"

Nikasema ndiyo. Ningeongeza habari za kiti cha Masele, lakini alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Mama Asteria alikuwa anasikiliza. Mwamba wa dhahabu haujafikiwa bado. Zimebaki futi sita, kama Mei.

Jumamosi, 1 Agosti

Uchaguzi. Fomu zilifungwa tarehe kumi Julai. Siku hiyo nilivuta ndoo sitini na moja. Masele amepita bila kupingwa.

Katika hotuba ameishukuru nyungu. Kisha akanisimamisha mbele ya wanachama. Akasema huyu Marselino aliugua miezi miwili, mtazameni: tumbo limekwisha, shingo imejaa, mikono kama ya fundi chuma. Akasema mimi ni ushahidi unaotembea. Makofi. Dorika alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Nikapokea cheo cha Mshauri wa Klabu wa Nyungu.

Jumanne, 4 Agosti

Bujiku amesajiliwa na timu moja ya Dar es Salaam. Anastahili. Alipita kuaga, akamwachia Dorika kilo mbili za sukari, na mimi akaniita kaka.

Kikao cha kamati kikawa kama matanga. Nani atafunga mabao? Masele akasema tutafute taratibu, tuwaone watu kwanza uwanjani. Nikaona hapo ndipo anapokosea siku zote. Nikasimama nikasema mshambuliaji ninaye.

Nimemwona leo asubuhi mashineni, anaitwa Maduhu. Alikuwa na gunia la mchele begani, akaruka mtaro bila kupunguza mwendo. Nimewaeleza kasi yake, pumzi yake, na misimu miwili aliyocheza Burundi. Mwenyekiti amefurahi mno. Masele kanuna. Jina limejazwa kwenye fomu ya usajili na nimetia sahihi kama shahidi.

Dorika ameuliza kama Maduhu mwenyewe anajua. Nimemwambia mambo haya yana utaratibu wake. Kesho asubuhi nitapita mashineni nimuulize kama amewahi kucheza mpira.