Kobe Wangu Kwenye Foleni ya Josho

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu na mbele ya ng'ombe. Mwisho nimeshinda, lakini aibu ndiyo iliyotangulia, kwa hiyo tuanze nayo.

Mnaonifahamu mnajua nina kobe. Anaitwa Kigoda (kuna mgeni alitaka kumkalia). Huu ni mwaka wa tisa niko naye, tangu nikiwa kapera, na nampenda. Nimesema. Banda lake liko nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Mhunze, matofali mistari mitatu na bati juu kwa upande mmoja.

Juzi mwenye nyumba wetu, Mama Kulwa, alikuwa anachambua mboga uani akaona kupe anapanda kwenye kanga yake. Hakupiga kelele. Alimtoa, akamsaga kwa jiwe, halafu akaniita.

"Baba Neema, Ijumaa saa kumi nakuja kukagua banda la huyo mnyama wako. Nikiona kupe hata mmoja, anarudi porini siku hiyohiyo."

Leo ndiyo Ijumaa.

Sasa, mimi ni mtoto wa mfugaji. Nimezaliwa Kishapu hii hii, nimeanza kuchunga sijaota meno ya mbele ya pili. Mtu anifundishe mimi habari za kupe? Mke wangu alijaribu. Alisema, "Toa kwanza ule uchafu uliomtandikia." Nikamwambia ule si uchafu, ni samadi kavu na nyasi kutoka boma la baba, nimeubeba mwenyewe kwa baiskeli, kiroba kizima, na hakuna godoro linaloufikia. Akaguna. Nikamwambia dawa ya kupe ni moja tu, josho, na leo ni siku ya kuogesha.

"Josho la ng'ombe?"

"Kwani kupe huwa anauliza amempanda nani?"

(Hapo nilijiona nina akili kuliko wilaya nzima.)

Saa mbili asubuhi nikamweka Kigoda kwenye ndoo kubwa, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, huyo nikaondoka. Kwa msiolijua josho, ni mfereji wa saruji wenye maji ya dawa. Ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili analalamika. Nikaingia kwenye foleni na ndoo yangu mkononi. Mbele yangu kulikuwa na ng'ombe wa mzee mmoja. Nyuma yangu kulikuwa na dume la pembe pana, linanipumulia kisogoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwangaluka, ng'wanawane," akanisabahi kwa Kisukuma, akiniita mwanangu. "Ng'ombe zako ziko wapi?"

"Leo nimeleta mmoja tu."

"Yuko wapi sasa?"

Nikamwonyesha ndoo. Mzee akachungulia. Akanitazama usoni. Akachungulia tena. Kisha akaanza kuwaita wenzake kwa Kisukuma, mmoja mmoja, kwa majina yao, bila haraka yoyote.

Zamu yangu ikafika. Daktari wa mifugo alikuwa dada mmoja aliyevaa gambuti, ameinamia daftari lake.

"Vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Kilete."

Nikainua ndoo. Akachungulia. "Mbona hicho kichwa sikioni?"

"Amekirudisha ndani, daktari. Amewaogopa ng'ombe."

Watu walicheka mpaka mchungaji mmoja akashikilia mkia wa ng'ombe wake ili asianguke. Daktari peke yake hakucheka. Aliniuliza kama nimekuja kumwogesha kobe au kumwua. Ng'ombe anavuka yale maji upesi, kichwa kiko juu. Kobe angezama moja kwa moja mpaka chini, angeimeza ile sumu, na mimi ningerudi nyumbani na ndoo tupu. Zilibaki kama hatua kumi hivi nimuue Kigoda kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikiwa nimejisifu njia nzima.

Akamtoa kwenye ndoo, akamkagua shingoni, kwapani, chini ya mkia. "Kaka, huyu hana kupe."

"Wako bandani."

"Umemtandikia nini humo bandani?"

Nikajikohoza kidogo. "Samadi."

"Ya kutoka wapi?"

"Boma la baba."

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Pale wote ni wafugaji, hawakuhitaji kuelezwa. Na mimi nikaelewa, kwa kuchelewa. Wale kupe nimewafungasha mimi kwenye kiroba, nimewapa lifti kwa baiskeli yangu, nimewapeleka mpaka nyumbani kwa Mama Kulwa.

Nilidhani yameisha. Daktari akasema, "Hebu usitikisike." Akapeleka mkono nyuma ya sikio langu, akavuta kitu, akakiinua watu wakione. Kupe. Ameshiba, ananing'inia miguu.

Yule mzee akasema kwa upole kabisa, "Daktari, basi kobe akae pembeni. Mpitishe huyu mwenye ndoo."

(Sitaeleza kilichofuata. Hata lile dume nadhani lilicheka.)

Lakini dada wa watu alinionea huruma. Akaniambia toa kila kitu bandani ukichome. Ziba nyufa zote, maana humo ndimo wanamojificha. Mwaga maji ya moto, acha jua liingie, tandika mchanga mkavu. Mabaki ya chakula yaondolewe kila jioni na maji ya kunywa yabadilishwe kila siku. Nikapanda baiskeli bila kuaga.

Saa nne nilikuwa nyumbani. Mke wangu alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinikabidhi koleo, akaingia ndani, nikamsikia anachekea kwenye mto. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu.

Jamani, chini ya lile godoro langu la fahari kulikuwa na maganda ya tikiti yaliyooza, funza, mende, na msafara wa sisimizi wenye barabara yao kabisa. Nikasomba, nikachoma. Nikasugua matofali kwa maji ya moto mpaka mikono ikawa myekundu. Nikakanda udongo nikaziba nyufa, moja moja, nikitumia kijiko. Nikaezua bati, jua la Kishapu likafanya kazi yake mpaka saa nane. Nikaenda korongoni kuchota mchanga mkavu, nikautandaza. Nikamwogesha Kigoda kwa maji vuguvugu, nikamsugua gamba kwa mswaki wa zamani (mke wangu anadai si wa zamani, na si wangu).

Saa kumi kamili Mama Kulwa akafika na tochi, jua linawaka. Akapiga magoti. Akafuta matofali kwa kitambaa cheupe, akakitazama. Akafukua mchanga kwa kidole kila kona, akamwinua Kigoda, akammulika kila mahali. Miaka tisa yangu yote ilikuwa mikononi mwa yule mama.

Akamrudisha chini. Kigoda akaendelea na mchicha wake.

"Hakuna kupe," akasema. Akanusa. "Hata nzi hakuna. Haya, atabaki."

Nikashukuru kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Mama Kulwa akajikung'uta magoti, akasogea kwenye mlango wa uani, akasimama. Sauti ikashuka.

"Baba Neema, lile banda langu la kuku lina utitiri tangu mwaka jana. Kesho asubuhi uje na hilo koleo unisaidie."

Tangu mwaka jana! Na mimi nilipewa siku tatu.

Kwa hiyo chekeni, ila mmalize leo leo, maana kesho asubuhi mkaguzi ni mimi, na tochi nimeshaazima.