Farasi Aliyetazama Kushoto

Jumapili, 3 Februari
Leo kwenye chama chetu cha wakusanya sarafu za kale Valerian Lukich kanitambia tena kwa kopeki yake ya mfalme Vladislav. Kipande cha fedha kidogo kuliko ukucha, kiligongwa kwa nyundo miaka mia nne iliyopita, na ndicho pekee ninachokikosa kwenye ubao wangu wa sarafu! Kasema mbele ya watu kwamba ubao wangu una pengo kama mdomo wa bibi yake. Wakaangua kicheko! Nitamkomesha.

Jumanne, 5 Februari
Nimepata wazo! Nitagonga kopeki ya kale mwenyewe, nimbadilishie. Nimechonga muhuri wa chuma: mpanda farasi, mkuki, kila kitu. Farasi anatazama kulia, kama inavyotakiwa. Fedha nimeitoa kwenye hereni ya mke wangu Kapitolina, ile iliyopoteza mwenzake. Pigo moja. Paa!

Mungu wangu! Farasi katoka anatazama kushoto. Nilisahau kwamba muhuri huchongwa kinyume. Kapitolina kauliza kwani we mzee hujawahi hata kuona muhuri wa posta. Nimeifukia kopeki ndani ya kiini cha yai la kuchemsha ipate weusi wa uzee.

Jumapili, 10 Februari
Ushindi! Valerian kaiweka chini ya lenzi, pumzi zikamkatika. Chama kizima kimeapa kwamba farasi wa kushoto hajawahi kuonekana. Nikasema ni urithi wa babu, siitoi ng'o. Kanibembeleza, Afanasy Petrovich ndugu yangu, tafadhali, mwisho kanisukumia Vladislav yake. Nikajifanya nakubali kwa shingo upande. Ubao umejaa! Nimembusu Kapitolina. Kashtuka.

Ijumaa, 15 Februari
Haivumiliki! Gazeti la mji limetoa picha ya Valerian na farasi WANGU. Ukurasa wa kwanza! Chamani kapewa kiti cha karibu na kipasha joto. Ubao wangu hakuna hata anayeuchungulia. Kapitolina kauliza kwani ile si hereni yake tu, jamani. Haelewi. Ipo moja tu duniani!

Jumapili, 17 Februari
Ushindi kuliko wote! Nimemvizia Valerian mlangoni. Jana alimpelekea mtaalamu wa Moscow ile kopeki, na leo uso umemsawijika, bila shaka ni uchovu wa safari. Nimempa Vladislav, na juu yake kopeki zangu tisa bora, anirudishie farasi. Hakubisha hata kidogo! Kanikumbatia, kaondoka mbio bila kofia, kwenye theluji.

Farasi ni wangu. Maskini Valerian! Hajui alichopoteza.