Mwenye Kontena Amepatikana

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya bandari, katikati ya tangazo la mbwa aliyepotea na lile la dawa ya kunguni. Lilisema wananchi wote wanakaribishwa ukumbini Alhamisi kutoa maoni juu ya sheria ya kimataifa ya meli: mzigo ukipotea au ukiharibika, nani awajibike, mwenye meli au mwenye mzigo? Watu walilipita wakaenda kusoma la kunguni. Aliyelisoma mpaka mwisho ni mtu mmoja tu, Bwana Kifungu.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa sababu kila akibanwa kwa maneno hutaja kifungu fulani cha sheria ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Alikuwa mtu nadhifu sana. Koti lake la kijivu lilitiwa viraka kwa ndani ili kwa nje libaki na heshima zake, na viatu alivipiga rangi mpaka kwenye soli.

Shida yake siku hizo ilikuwa chumba. Alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, na kila jioni shemeji yake humkalia nyayo akisikiliza habari. Nyuma ya kiwanda cha magodoro kulikuwa na chumba chenye dirisha na mlango wake peke yake. Mwenye nyumba aliahidi kumwekea mpaka Jumamosi. Asipoleta kodi, anapewa mwingine. Basi Kifungu alipoliona tangazo lile, akakiona na kitanda chake kimeshatandikwa.

Jioni ileile alikuwa kwa kinyozi, anauza mafunzo ya kutoa maoni.

"Kwani maoni nayo yanafundishwa?" kinyozi aliuliza, mashine iko sikioni mwa mteja.

"Ukisema ovyo wataandika ovyo. Hii ni sheria ya dunia nzima, ndugu yangu. Atakayeieleza hasara yake vizuri ndiye atakayelipwa."

"Mimi sijapakia hata kijiko melini."

"Hiyo mashine umeitoa wapi?"

"Dukani hapo jirani."

"Na jirani aliitoa wapi? Ilikuja kwa miguu?"

Kinyozi akafikiri, akaona kumbe bahari imemwonea miaka yote hii naye hana habari. Akalipa.

Mwenye duka la vyombo hakuhitaji hata kubembelezwa. Alilipa yeye, akamlipia na mke wake, maana machozi ya watu wawili si sawa na ya mmoja.

Aliyemtatiza kidogo ni Mama Mitumba. Huyu robota lake la sweta liliingia maji ya chumvi kweli, likatoka limeshikana kama unga uliokandwa. Hasara ya kweli haikuwamo katika mpango wa Kifungu. Alisita, akakohoa, akajikaza, akapokea.

Wakafunzwa nyuma ya kibanda cha kinyozi, wamekaa juu ya ndoo. Walifundishwa kuguna, kutua, na kutoa leso bila kuonekana kwamba wameiandaa.

"Usilie mwanzoni," Kifungu alimwonya mke wa mwenye duka. "Ukimaliza machozi kwenye sahani, kwenye sufuria utalia nini?"

Alhamisi wakakaa safu ya mbele. Afisa wa bandari, mwanamke wa makamo mwenye mafua, akapenga, akafungua mkutano.

"Karibuni. Kutoa maoni ni bure. Leo hatumlipi mtu wala hatupokei madai, tunasikiliza tu."

Mke wa mwenye duka, ambaye alikuwa ameshaanza, alikatiza kilio katikati. Safu nzima ikamgeukia Kifungu.

"Hayo ni ya utangulizi," alinong'ona, huku akiupima mlango kwa jicho. Njiani yalikuwapo magoti ya mwenye duka, na yalikuwa magoti mapana.

Mama Mitumba peke yake hakumgeukia. Alikuwa anamsikiliza afisa.

"Tuchukue mfano," afisa aliendelea. "Kuna kontena lilifika salama, liko yadi ya nyuma. Mwenyewe hajatokea, barua zinarudi. Mwenye meli anasema halimhusu. Je, sheria isemeje?"

Mama Mitumba akamwinamia Kifungu, kwa sauti ya kumkumbusha mtoto avae sweta.

"Mwanangu, nimepita karibu nalo asubuhi. Limejaa, hata bati limetuna."

"Limejaa nini, mama?"

"Nitajuaje mie? Kufuli halijaguswa. Kitu kizima vile, hakina mwenyewe. Inauma."

Kifungu akameza mate. Kile chumba kikaongezeka sebule, kikaongezeka baraza, kikawa nyumba.

Mama Mitumba akasimama. "Mheshimiwa, mwenyewe huyu hapa. Ni mpole tu, anaona haya."

Ukumbi ukapiga makofi. Kifungu akainuka taratibu, akafunga vifungo vya koti.

"Sikutaka kujitanguliza mbele ya wananchi wenzangu," alisema. "Lakini ni langu."

"Lina nini ndani?"

"Mali."

"Mali gani?"

"Ya thamani."

"Ilikuwa," afisa alisema. Hakuomba hati yoyote. Mtu wa kulidai kontena lile alikuwa adimu mno kusumbuliwa na hati. Alimpa kalamu, Kifungu akatia sahihi yenye mikia miwili, kisha afisa akamshika mkono na hakuuachia mpaka yadi ya nyuma.

Harufu ilikuja kuwapokea kabla hawajafika. Milango ilipofunguliwa, vitunguu vya tangu msimu mwingine vikatoka polepole, vimekuwa uji mweusi.

"Utaratibu uliopo," afisa alisema, akishukuru mafua yake, "mwenye mzigo anautoa, anaufukia, anaosha kontena. Kesho jioni liwe safi."

"Na kama pametokea kutoelewana kuhusu umiliki?"

"Utawaeleza polisi kwa nini umetia sahihi mali ya mtu."

Kifungu akatafuta kifungu. Kwa mara ya kwanza hakikumjia hata kimoja.

Akawageukia wanafunzi wake waliojipanga mbali, leso puani. Mafunzo hayakupotea bure. "Ndugu zangu, nisaidieni."

"Tutasaidia," kinyozi alisema. "Kwa ada ileile uliyotutoza."

Akatoa mfukoni, akamrudishia kinyozi kiasi chake, na mwenye duka cha watu wawili. Mama Mitumba naye akanyoosha kiganja.

"Na wewe utazoa, mama?"

"Mimi ni msimamizi, mwanangu. Bila msimamizi kazi haiendi."

Wakazoa kutwa nzima ya Ijumaa, na koti la kijivu lilizoa kuliko wote. Jua lilipokuwa linazama, kontena lilikuwa linang'aa na mfuko wa Kifungu ni mtupu kabisa. Ndipo afisa akatokea tena na karatasi mkononi, uso umejaa furaha.

"Mwenye mali, tumekuta na la pili kwa jina lilelile. La samaki."

Wanafunzi wakatazamana. Mama Mitumba akaweka chini mwavuli wake, akavitazama vile viatu vya Kifungu, alivyokwisha kuvifuta vikang'aa tena mpaka kwenye soli.

"Vitunguu tulikuhurumia," alisema. "Samaki ni bei nyingine."

Kifungu akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.