Kuhusu Ndege Iliyowahi Dakika Arobaini

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Safari za Ndege,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa kwenye kiti kizuri, maana mimi ni fundi wa viti na makochi na mambo hayo hayanipiti.

Ninalalamika, kwa heshima zote, kwamba ndege yenu ya Jumanne iliyopita iliwahi kufika.

1. Karatasi yenu ya safari inasema umbali ni kilomita elfu saba na mia mbili, na muda wa angani ni saa tisa na dakika ishirini. Tulitua baada ya saa nane na dakika arobaini. Mimi nikiahidi kochi la watu watatu, sikabidhi la watu wawili nikasingizia upepo.

2. Dirishani alikaa mdogo wangu, fundi nguo. Tulikuwa hatujasemezana miaka kumi na mmoja, tangu tulipogombania cherehani ya marehemu baba. Dada yetu mkubwa, aliyetualika kwenye harusi ya binti yake, ndiye aliyetukatia tiketi, akatuweka bega kwa bega makusudi. Saa saba nzima tulitazama kiti cha mbele. (Kimeshonwa vibaya, lakini hilo lina barua yake.)

3. Saa ya nane mdogo wangu alinisogezea mkate wake. Nikaula. Nikampa siagi yangu. Kwa ukoo wetu hayo ni makubwa! Mhudumu wenu alipokuja kukusanya sinia, nilimsihi asipitishe mkono katikati yetu. Akasema, "Sasa mzee, niupitishe wapi, nje?"

4. Tulipoanza kushuka, mdogo wangu alinigeukia, machozi yakimlengalenga, akasema, "Kaka, nisa..." Papo hapo nahodha akanguruma kwenye spika kwamba upepo umetusukuma na tumewahi dakika arobaini. Abiria wakapiga makofi. Nimesubiri "nisamehe" miaka kumi na mmoja, nimepewa nusu! Tangu tutue amefunga mdomo, na siwezi kumwomba amalizie. Mimi ndiye mkubwa.

Kwa hiyo naomba nahodha aonywe, na dakika zangu arobaini nirudishiwe, angani, mdogo wangu akiwa kando. Ikishindikana, miji hii miwili isogezwe mbali kidogo, hata kilomita mia tano tu, kwa faida ya ndugu wenye ugomvi wa kadiri. Wenye ugomvi mzito wazungushwe.

Dada anakusalimu, maharusi wanakusalimu. Nisalimie wahudumu wote na rubani msaidizi. Nahodha simsalimu.

Wako mwenye kinyongo cha adabu,
Fundi Viti,
mstari wa thelathini na moja, kiti cha kati.

N.B. Nilimpa dada barua hii aipeleke posta, naye akampa kwanza mdogo wangu. Amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa anasema, "Kaka, nisaidie mkanda, umenasa," na machozi yalikuwa ya masikio kuuma. Nami nikacheka, tukashikana mikono, yakaisha. Shida ni kwamba tangu hapo hajanyamaza. Anafidia miaka yote kumi na mmoja, na tumelazwa chumba kimoja. Jumapili tunarudi, bega kwa bega tena. Tafadhali mtupe nahodha yule yule, na upepo wowote alio nao asiuache nyuma.